Kamera mbili, sensa mbili: zipime kabla hujalipa

Mezani kuna bodi (kamera bila lenzi) mbili za mtumba, zote Canon, na bei zake zinakaribiana. Moja ni EOS 6D ya mwaka 2012, fulu fremu (yaani sensa kubwa), megapikseli 20.2. Nyingine ni EOS 80D ya mwaka 2016, APS-C (sensa ndogo zaidi), megapikseli 24.2. Mwenye 6D atakuambia, "Kaka, hii fulu fremu, unataka nini tena?" Mwenye 80D atakuambia yake ni mpya zaidi na megapikseli zimezidi. Wote wanasema kweli, na hakuna hata mmoja aliyekusaidia.

Jozi hii imechaguliwa makusudi, kwa sababu sensa zake zinavutana: moja kubwa lakini ya zamani, nyingine ndogo lakini ya kizazi cha mbele. Anayeweza kuamua hapa hatasumbuliwa na jozi nyingine yoyote, iwe ya Sony, Nikon au Fujifilm. Na kwa wale ambao neno "sensa" bado linawaletea picha ya karani mlangoni akiuliza mmelala wangapi usiku wa kuamkia leo, sensa ya hapa ni kile kipande cha silikoni nyuma ya shata (pazia linalofunguka unapopiga) kinachopokea mwanga na kuugeuza picha.

Namba za kuandika kwanza

Kabla ya kutazama picha yoyote, andika mambo manne kwa kila kamera: ukubwa wa sensa kwa milimita, idadi ya pikseli kwa upana na kimo, mwaka iliotolewa, na ISO (kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa) ya juu ya kawaida. Ile ISO ya kulazimisha, inayoonekana kwenye menyu kama H, usiihesabu.

6D: milimita 35.8 kwa 23.9, pikseli 5472 kwa 3648, mwaka 2012, ISO 25600.
80D: milimita 22.5 kwa 15, pikseli 6000 kwa 4000, mwaka 2016, ISO 16000.

Zidisha upana kwa kimo upate eneo. 6D ina milimita za mraba kama 856, 80D kama 338. Gawanya: sensa ya 6D ni kubwa mara mbili na nusu. Kila eneo linapoongezeka maradufu unapata stopu moja (kipimo cha mwanga kuongezeka mara mbili), kwa hiyo mara mbili na nusu ni stopu moja na theluthi. Shika hiyo "moja na theluthi", tutairudia.

Kwa kamera nyingine, APS-C za Nikon, Sony na Fujifilm ni 23.5 kwa 15.6, Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13. Ukikuta sensa imetajwa kwa inchi, usiamini mpaka uone milimita. Sensa inayoitwa ya "inchi 1" ina upana wa milimita 13.2 tu, yaani nusu inchi hivi. Jina hilo ni urithi wa mirija ya vioo ya kamera za televisheni za zamani, ambayo ilipimwa kwa unene wa mrija wenyewe na si sehemu iliyopokea picha. Wauzaji hawana haraka ya kulirekebisha.

Paa na bati

Fikiria nyumba mbili zinazokinga maji ya mvua. Kinachojaza tangi ni ukubwa wa paa. Uliezeke kwa bati ishirini pana au arobaini nyembamba, maji ni yale yale. Sensa ni paa, pikseli ni bati, mwanga ni mvua. Mwanga ukiwa mchache, matone yanayodondoka hayalingani kutoka bati moja hadi jingine, na kule kutolingana ndiko tunakokuita chenga: zile punje za rangi zinazojaa kwenye vivuli vya picha za usiku.

Ndiyo maana kauli ya "pikseli kubwa ndizo zenye picha safi" ni ya kuichukua kwa tahadhari. Pikseli ya 6D ina upana wa mikroni 6.5, ya 80D mikroni 3.75. Ukifungua picha zote mbili na kuzikuza hadi asilimia 100, 6D itaonekana mbali mbele. Lakini hapo umelinganisha bati moja na bati moja. Mteja wako hanunui pikseli, ananunua picha nzima ya kutundika sebuleni. Punguza zote ziwe na upana mmoja, tuseme pikseli 3000, ndipo ulinganishe. Tofauti itabaki, ila itakuwa ndogo kuliko ulivyotishwa.

Kuhusu megapikseli, maneno machache yanatosha. Kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 5472 zinatoa upana wa inchi 18.2, na pikseli 6000 zinatoa inchi 20. Umetofautiana inchi mbili, basi. Karatasi ya A4 inahitaji megapikseli zisizofika 9. Ili kuona ongezeko la maana la ukali unahitaji megapikseli mara mbili au zaidi, si 24 dhidi ya 20.

Mwaka nao una uzito

Laiti ukubwa ungekuwa yote, 6D ingeshinda na mjadala ukaisha. Lakini tazama kinachotokea ndani. Kwenye 6D, umeme mdogo unaotoka kwenye pikseli husafiri nje ya sensa hadi kwenye chipu nyingine ndipo ugeuzwe kuwa namba, na njiani unaokota uchafu. Kwenye 80D, kazi hiyo hufanyika ndani ya sensa yenyewe, kwa hiyo uchafu ni mdogo.

Matokeo yake yanategemea ISO unayotumia. Kwenye ISO 100, ule uchafu wa njiani unakaa kwenye vivuli, na ukiviinua (ukiviongezea mwanga) kwenye kompyuta unajitokeza wote. Hapo 80D inashinda. Maabara ya DxOMark inaipa stopu 13.2 za upana kati ya giza na mwanga, na 6D 12.1. Kwenye ISO 3200, umeme umeshakuzwa kabla ya kusafiri, uchafu wa njiani hauonekani sana, na sasa kinachotawala ni ukubwa wa paa. Hapo 6D inashinda. Alama zao za mwanga hafifu ni 2340 kwa 6D na 1135 kwa 80D, yaani stopu moja hivi. Hesabu yetu ya eneo ilisema moja na theluthi, na ile theluthi imeliwa na miaka minne ya teknolojia.

Kwa hiyo ukisikia "sensa hii ni bora", uliza: kwenye ISO ipi? Mpiga picha wa nyumba na mandhari, anayetumia stendi na ISO 100, na mpiga picha wa sherehe za usiku wanaweza kupewa majibu tofauti, na yote yakawa sahihi.

Lenzi inaweza kugeuza hesabu yote

Lenzi za kamera za Canon za kioo (DSLR), kama hizi mbili, ni za aina mbili: EF, yenye nukta nyekundu kwenye shingo, na EF-S, yenye mraba mweupe. 80D inapokea zote. 6D inapokea EF tu. Ile lenzi ya 18-55 uliyo nayo tangu kamera yako ya kwanza ni EF-S, na haitaingia kwenye 6D hata uisukume vipi, tena usiisukume. Wengi hugundua hili wakiwa wameshafika nyumbani. Bei ya 6D ni bei ya bodi pamoja na lenzi mpya.

Jambo la pili ni ukaribu. Kwenye 80D, lenzi ya 300mm inakata picha kama 480mm kwenye fulu fremu. Ukiwa kando ya uwanja wa mpira na mfungaji yuko upande wa pili, unaweza kusema utapiga kwa 6D kisha ukate. Ukikata picha ya 6D ifanane na eneo la 80D unabaki na megapikseli 8 tu. Kwa mpira, ndege na wanyama, 80D bila ubishi.

La tatu husahaulika kuliko yote. Ile faida ya 6D ipo pale tu unapopiga kwa f ile ile (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni pana) kwenye kamera zote. Chukua picha ya ukoo ukumbini, mistari mitatu ya watu, bibi mbele na vijana nyuma. Kwa 80D, f/5 inaweza kutosha kuwaweka wote kwenye fokasi. Kwa 6D, ukiwaweka kwenye fremu vile vile ukiwa umesimama pale pale, unahitaji f/8 ili upate kina kile kile cha fokasi. Kasi ya shata haibadiliki, kwa hiyo ISO inapanda: 80D iko kwenye 1250, 6D iko kwenye 3200. Faida yote imekwenda. 6D inarudi kung'ara ukimpiga bibi harusi peke yake kwa f/2, nyuma kukiwa kumeyeyuka.

Dukani: afya kwanza

Nenda na kadi yako ya SD, iliyofomatiwa, na mchana kweupe. Weka kamera ipige RAW (faili ghafi ya sensa) pamoja na JPEG (picha iliyokwisha kusindikwa na kamera). Kwenye menyu zima High ISO speed noise reduction, Long exposure noise reduction na Auto Lighting Optimizer, la sivyo kamera itakufichia unachokitafuta. White balance (mizani ya rangi) iwe ya jua, si otomatiki.

Anza na vumbi na kuvu. Weka ISO 100, hali ya Av (wewe unachagua f, kamera inachagua shata), funga lenzi hadi f/22, fokasi ya mkono igeuzwe mpaka mwisho wa mbali. Elekeza kwenye ukuta mweupe kutoka karibu, na wakati shata iko wazi sogeza kamera taratibu kushoto na kulia. Ukuta utafutika kwa ule mwendo, lakini kilicho juu ya sensa kitabaki palepale. Ukipima kwa f/2.8 hutaona kitu, na muuzaji mjanja anajua.

Madoa ya mviringo yenye ukungu pembeni ni vumbi, hutoka kwa kusafishwa. Doa lenye kiini cheupe na duara jeusi mara nyingi ni tone la mafuta, hutoka kwa kitambaa maalumu na dawa yake. Nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa kamera zilizokaa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, kwenye begi lisilo na silika (vipakiti vya kunyonya unyevu), litazame hili kwa makini. Mstari ulionyooka usiobadilika baada ya kusafisha ni mkwaruzo kwenye kioo kinachofunika sensa, na kukibadilisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Doa lililoko juu kushoto kwenye picha, ukitazama sensa kwa mbele, liko chini kushoto.

Usimruhusu mtu apulizie sensa kwa mdomo "kidogo tu". Mate yatabaki. Pampu ya mpira ndiyo kifaa, kamera ikiwa imeinamishwa tundu chini. Vitambaa vya kusafishia huuzwa kwa upana: milimita 24 kwa fulu fremu, 16 kwa APS-C.

Kisha pikseli zilizoungua. Funika lenzi, ziba na kile kidirisha cha kuchungulia, piga picha moja kwa 1/60 ya sekunde, ISO 800, na nyingine kwa sekunde 30 ISO 800. Kwenye ya sekunde 30, nukta kadhaa za rangi si ugonjwa, hasa kwa kamera ya umri wa 6D na joto la mchana. Nukta nyeupe au nyekundu zinazoonekana hata kwenye 1/60 ni jambo jingine: zitakuwemo kwenye kila picha ya sherehe utakayopiga, na kwenye video zitawaka kama nyota.

La mwisho la afya ni leza. Zile taa za leza za ma-DJ, zinazochora ukumbi mzima, zikiingia moja kwa moja kwenye lenzi wakati sensa iko wazi zinaweza kuiunguza mara moja. Alama yake ni kishada cha nukta zisizosogea, au mstari wa rangi unaokata picha kutoka ukingo hadi ukingo. 80D ipimwe hapa kwa ukali zaidi: ni kamera iliyopendwa na watu wa video, na wakati wa kurekodi sensa iko wazi muda wote. Rekodi dakika mbili ukielekeza kwenye giza, halafu kwenye ukuta mweupe. Ukiona mstari, acha, hata bei ikishuka mara ya tatu. Dawa yake ni sensa mpya.

Idadi ya mipigo ya shata, ambayo wanunuzi huiuliza kabla ya yote, haisemi chochote kuhusu sensa. Shata huchakaa kwa kupiga. Sensa huharibika kwa leza, joto, unyevu na mikono.

Pambano lenyewe

Tafuta lenzi moja inayoingia kote, EF 24-105mm f/4 inafaa. Simamisha kamera kwenye stendi au juu ya kaunta, sehemu ileile kwa zote mbili. Kwenye 6D weka 80mm, kwenye 80D weka 50mm, ndipo fremu zifanane bila wewe kusogea.

Mpangilie mtu wa kupiga: ngozi nyeusi, shati au kanga nyeupe, na nyuma yake kona yenye giza. Kadi za rangi za maabara hazitakuonyesha kinachokuhusu. Chenga huanzia kwenye toni za giza, na ngozi zetu nyingi, suti nyeusi ya bwana harusi na nywele viko hukohuko, huku shela nyeupe ikivutia kamera ishushe mwanga. Sensa inayoonekana safi kwenye uso mweupe chini ya taa za studio inaweza kukuaibisha kwenye uso wa baba mkwe saa nne usiku.

Piga kwa f/5.6, hali ya M (kila kitu unaweka mwenyewe), kwenye ISO 100, 1600 na 6400, ukibadilisha shata ili mwanga ubaki uleule. Namba ziwe sawa kwa kamera zote mbili. Kisha piga moja ya mateso: ISO 100, kama mwanga sahihi ni 1/60, weka 1/1000. Picha itakuwa giza kwa stopu nne. Ndiyo tunayoitaka.

Kama ukumbi wako wa kawaida una taa za LED, jaribu na hilo. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga 1/250 utaona mikanda ya giza ikipita kwenye picha, au rangi inabadilika kutoka picha hadi picha; shuka hadi 1/100 au 1/50. 80D ina kifaa cha kuvizia mpepeso, kwenye menyu ni Anti-flicker shoot, 6D haina. Taa za zambarau na bluu zina tatizo jingine: hujaza pikseli za bluu mpaka zinamwagika huku nyekundu na kijani zikiwa na njaa, na uso unakuwa bapa kama kibandiko. Washa histogramu (mchoro wa mwanga wa picha) ya rangi tatu, siyo ile moja ya nyeupe, na ushushe mwanga mpaka mlima wa bluu usigonge ukuta wa kulia. Ngozi iliyobaki gizani utaiinua baadaye, na hapo ndipo zile stopu za ISO ya chini zinapolipa.

Kwa video, rekodi mtu aliyevaa shati la mistari myembamba. 6D huchora mawimbi ya rangi juu ya vitambaa vya namna hiyo, kwa sababu inaruka baadhi ya mistari ya sensa ili ipate fremu. Na fokasi: 80D ina Dual Pixel, ambayo ni pikseli za sensa yenyewe zikitumika kupima umbali, kwa hiyo inamfuata mtu kwa utulivu. 6D kwenye video inapapasa.

Kusoma mafaili

Fungua RAW, siyo JPEG, kwa programu ya Digital Photo Professional ya Canon ambayo ni bure, au darktable. Zima kusafisha chenga na kunoa kwa faili zote. Toa kila moja kwa upana wa pikseli 3000, kisha ziweke ubavu kwa ubavu.

ISO 100 ya kawaida: kama unaona tofauti, kagua fokasi, kwa sababu hupaswi kuiona. ISO 6400: tazama mpaka wa nywele na kivuli, na weupe wa macho. 6D itakuwa na punje chache na rangi itatulia zaidi. Ile ya mateso inua stopu 4: kwenye 6D vivuli hujaa chenga na wakati mwingine mistari hafifu, kwenye 80D giza linafunguka kwa usafi zaidi. Kama picha zenu hamziinui namna hiyo, matokeo haya yaacheni yapite.

Pesa ikikatwa

Sherehe za usiku, picha tulivu, mtu mmoja mmoja kwa lenzi ya wazi: 6D, ikiwa bado una pesa ya lenzi. Video, michezo, wanyama, mandhari ya mchana, au una lenzi za EF-S: 80D. Na kama bajeti inaishia kwenye 6D pamoja na lenzi ya f/4, piga hesabu hii kabla ya kutoa noti. Kutoka f/4 hadi f/1.8 ni stopu mbili na theluthi. Faida ya sensa ya 6D ni stopu moja. 80D yenye EF 50mm f/1.8 STM itapiga gizani kwa ISO ndogo kuliko 6D yenye f/4, na kwa kuwa lenzi hiyo ni EF, siku ukihamia fulu fremu utaihamisha nayo.